Namba ya Kodi Haiazimwi

Mfanyabiashara ana majina mawili. La kwanza alipewa na wazazi wake, na akisikia mtu analichafua sokoni atamfuata mpaka mbele ya wazee wa mtaa. La pili ni namba aliyopewa na ofisi ya kodi, na hilo wengi wetu tunaliacha mikononi mwa yeyote anayeliomba. Tamko la kodi au la forodha linapokataliwa na kompyuta, ndipo tunapojua kuwa jina la pili nalo huchafuka, na kwamba kulisafisha ni kazi kubwa kuliko kulilinda.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya funzo. Watu wake sikuwapa majina. Sheria na ofisi zilizomo ni za kweli, na makosa yaliyomo ni yale ambayo watu wema huyafanya kwa nia njema.

Alikuwepo mama mmoja wa Kataki, hapa Kalemie. Alianza kwa kuuza mikebuka na ndagala kavu, ameketi chini sokoni na patenti yake, yaani leseni ya mchuuzi mdogo, mfukoni. Mtaji ulipokua akaanza kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania, akirudi na sabuni, mafuta ya kula na chumvi ya Uvinza. Mzigo mdogo wa kubebwa mkononi ni jambo moja. Mzigo unaojaza nusu ya boti ni jambo lingine, nao haupiti bandarini kwa patenti. Ikambidi mwaka 2014 aandikishe biashara yake rasmi. Alihitaji karatasi tatu: RCCM, yaani daftari la biashara; Id. Nat., yaani namba ya utambulisho ya kitaifa; na Numéro Impôt, ambayo wachuuzi wetu huiita NIF. Hiyo ya mwisho ina herufi mwanzoni, tarakimu katikati na herufi nyingine mwishoni. Hutolewa na Kurugenzi Kuu ya Kodi, DGI, na lazima ionekane kwenye fakitire, kwenye matamko ya kodi na kwenye karatasi za kuingiza bidhaa.

Wakati ule Kalemie ilikuwa bado chini ya jimbo la Katanga, na mambo mengi yalikwenda kumalizikia Lubumbashi. Mwana wa kaka yake alikuwa anasafiri huko. Mama akampa kopi ya kadi yake ya uchaguzi na pesa za kazi, akamwambia, "Mwanangu, nisaidie, mimi siwezi kuacha duka."

"Bila shida, shangazi," kijana akajibu.

Kule Lubumbashi kijana alimkabidhi kazi hiyo mtu wa siberi, yaani wa duka la intaneti. Yule mtu alijaza fomu upesi. Kadi ya mama ilikuwa na majina matatu, kama ilivyo desturi ya Kongo: jina, postnomu na prenomu. Yeye aliandika mawili tu. Jina lililoanza na Mw akaliandika kwa Mu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuliona. Palipoulizwa anwani, akaweka ya mtaa wa Lubumbashi ambako kijana alifikia. Palipoulizwa simu na barua pepe, akaweka za kwake. Karatasi zikarudi Kalemie zikiwa na mihuri, mama akazipokea kwa furaha, akazifungia sandukuni. Hakusoma hata mstari mmoja. Hilo ndilo kosa la kwanza, na makosa mengine yote yaliota juu yake.

Miaka ilipita bila tatizo. Kisha shemeji yake akaja jioni moja. Alikuwa na mzigo wa mabati ng'ambo, na namba yake mwenyewe ilikuwa imefungwa kwa sababu ya deni.

"Shemeji, nisaidie na namba yako, mara hii tu."

Mama alicheka. "Namba si pesa, shemeji. Ukiitumia haipungui. Chukua."

Akatia sahihi barua ya kumruhusu deklara, yaani wakala wa forodha, atangaze ule mzigo kwa jina lake. Kalemie ni mji wa undugu. Kumnyima shemeji kitu kisichopungua kungeonekana ni roho mbaya. Mabati yakapita. Shemeji akaleta kuku wa shukrani. "Mara hii tu" ikarudi tena, na tena, na safari nyingine mama hakuulizwa hata kidogo, kwa kuwa deklara alishakuwa na kopi ya karatasi zote.

Hapa inafaa tueleze kinachotokea ndani ya kompyuta. Forodha ya Kongo, DGDA, inatumia mfumo wa SYDONIA World, uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo na kutumiwa na nchi nyingi duniani. Deklara akiingiza tamko, mfumo hauulizi mabati ni ya nani hasa. Unauliza namba, na chochote kilichoingia kwa namba hiyo unakiandika juu ya mwenye namba. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA, iliyoanza Kongo tarehe 1 Januari 2012 kwa kiwango cha asilimia 16, hutozwa hapohapo mzigo unapoingia. Kisha upande wa pili, ofisi ya kodi hutarajia kuona mauzo ya bidhaa hizo katika matamko ya mwenye namba. Mama wa sabuni na chumvi alikuwa sasa, mbele ya kompyuta, mfanyabiashara mkubwa wa mabati ambaye hajawahi kutangaza bati hata moja.

Mwaka 2023 ukafika uandikishaji wa wapigakura. Mama akapata kadi mpya ya CENI, tume ya uchaguzi, na humo majina yake yote matatu yaliandikwa kamili, kwa Mw. Alifurahi kuona jina la babu yake limeandikwa vizuri. Hakukumbuka kwamba karatasi zake za kodi zilisema vingine. Sheria ya tarehe 13 Machi 2003 juu ya taratibu za kodi inamtaka anayeanza biashara aombe namba ndani ya siku 15, na jambo lolote linalomtambulisha likibadilika, jina, anwani au aina ya kazi, alitangaze pia ndani ya siku 15. Mama huyu hakurekebisha chochote: zilipita siku 15, ikapita miezi. Isitoshe, wino wa kadi hizo za 2023 ulifutika upesi mno katika sehemu nyingi za nchi, hata CENI ikalazimika kutoa nakala mpya. Ya mama nayo ilibaki na kivuli cha uso na herufi chache. Na mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu, sanduku la karatasi lililowa. Cheti cha NIF kikawa bonge la karatasi lisilosomeka.

Siku moja boti ikafika na mzigo wake wa mafuta na sabuni. Mama akaenda bandarini akiwa na kopi ya zamani iliyofifia. Deklara akaandika, akasubiri, akaandika tena.

"Mama, mashini inakataa."

"Inakataa nini? Mafuta yangu yana kosa gani?"

"Si mafuta, Mama. Inakukataa wewe."

Kumbe mambo matatu yalikutana siku ile. Herufi ya mwisho ya namba ilisomeka vibaya kwenye kopi. Ilipopatikana sahihi, jina halikulingana na kadi. Na jina lilipotafutwa, ikaonekana namba yenyewe imesimamishwa, kwa sababu ofisi ilimtafuta Lubumbashi kwenye anwani yake na haikumkuta, na barua zilizotumwa kwa barua pepe zilikwenda kwa mtu wa siberi ambaye alishasahau kama aliwahi kumjua.

Mzigo ukalala ghalani, na mzigo unaolala hulipiwa. Akatokea kijana mmoja wa pale bandarini, mwenye maneno matamu. "Mama, hiyo namba ya zamani iache. Nitakufanyia mpya kwa kadi yako ya 2023. Wiki hii unatoka." Mama, akiona gharama zinapanda na wateja wanasubiri, akakubali. Namba mpya ikaja kweli. Mafuta yakatoka. Akamshukuru Mungu, akamlipa kijana, akadhani yamekwisha.

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Miezi michache baadaye, shirika moja la misaada lilitafuta mtu wa kuliuzia sabuni na mafuta kwa ajili ya waliokimbia vita. Bei ya mama ilikuwa nzuri kuliko zote. Akaambiwa alete karatasi moja tu iliyobaki, cheti cha ofisi ya kodi kuthibitisha kwamba hana deni. Akaenda kukiomba. Afisa akafungua kumbukumbu, akamtazama, akafungua tena.

"Mama, hapa kuna watu wawili, na wote wawili ni wewe. Mmoja anakaa Lubumbashi na ameleta mabati mengi bila kuyatangaza. Mwingine ni wa Kalemie na ana miezi michache tu. Ni yupi anaomba cheti?"

Hakuwa na jibu. Kazi ya shirika ikaenda kwa mwingine. Hapo ndipo alipomwita binti yake aliyesomea uhasibu, akamwagia karatasi zote mezani, zilizo kavu na zilizoloana.

Ningependa msomaji amtazame binti huyu kwa makini, kwa sababu alichofanya ndicho dawa. Hakukimbilia kutuma tamko upya. Watu wengi tamko likikataliwa hubonyeza tena na tena, kana kwamba kompyuta itachoka na kukubali. Yeye aliuliza kwanza: limekataliwa kwa sababu gani hasa? Namba imeandikwa vibaya? Namba ni sahihi lakini jina halilingani? Au namba na jina ni sahihi ila namba imefungwa? Kila ugonjwa una mlango wake. Kosa la kuandika hurekebishwa kwenye tamko lenyewe. Jina lisilolingana hurekebishwa kwenye ofisi iliyolisajili. Namba iliyofungwa hufunguliwa na DGI peke yake, na hakuna deklara wala mtu wa siberi awezaye kuifungua.

Akachora jedwali kwenye karatasi. Upande mmoja akaandika kila hati: kadi ya uchaguzi, RCCM, Id. Nat., NIF ya kwanza, NIF ya pili. Upande mwingine akaandika jina kama lilivyo kwenye kila hati, herufi kwa herufi, pamoja na anwani, simu na barua pepe. Ndipo mama akaona kwa macho yake kwamba katika hati tano alikuwa na majina matatu na miji miwili.

"Mwanangu, tuanzie wapi?"

"Tuanzie kwenye shina, Mama. Hati zote zimezaliwa na kadi ya utambulisho. Kadi ikiwa haisomeki, hakuna ofisi itakayoamini hati nyingine."

Wakaomba nakala ya kadi. Kisha wakarekebisha jina kwenye daftari la biashara, ili lifanane na kadi. Kisha, wakiwa na hizo mbili mkononi, wakaandika barua kwa DGI wakiomba mambo manne: jina lirekebishwe, anwani na faili vihamishiwe Kalemie, simu na barua pepe viwe vya mama mwenyewe, na namba ya pili ifutwe ili ibaki ya kwanza. Kila barua walipeleka nakala mbili, moja ikabaki ofisini, nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Mama alilalamika kwamba ni kazi ya bure kuomba mihuri juu ya barua zao wenyewe. Binti akamwambia, "Siku wakisema hujaja, muhuri ndio utakaosema ulikuja."

Kwa nini walichagua namba ya kwanza yenye deni, badala ya ile mpya iliyo safi? Hilo lilikuwa pambano kubwa nyumbani. Mama alitaka kuikimbia ya kwanza na mabati yake. Binti alikataa. Namba huzikwa kwa utaratibu, haitorokwi. Deni lililo juu ya mtu halihami kwa kuwa amebadili namba. Litamfuata, na safari hii likiwa na dhana ya udanganyifu juu yake.

Namba ikafunguliwa, na pamoja nayo ikafunguliwa hesabu ya mabati. Mama akapewa hati ya kudaiwa, ile inayoitwa AMR. Sheria ileile ya 2003 inampa mlipakodi miezi sita tangu aipokee aandike lalamiko. Wakaandika. Wakaeleza kwamba bidhaa zilikuwa za mwingine. Ofisi ikauliza ushahidi. Mama akaenda kwa shemeji kumwomba aandike tu kwamba mzigo ulikuwa wake. Shemeji akasema atakuja kesho, kisha akasema yuko safarini Moba, kisha simu yake ikawa haipatikani. Ushahidi pekee uliobaki ni ile barua ya ruhusa kwa deklara, nayo ilikuwa na sahihi ya mama.

Akalipa. Ofisi ilimruhusu alipe kidogo kidogo, lakini alilipa. Sehemu ya duka aliyokodi akairudisha, gari la mkono la kubebea mizigo akaliuza, na undugu na nyumba ya dada yake ukavunjika, kwa sababu kila mmoja aliona ameonewa. Namba yake leo ni safi na jina lake ni moja kila mahali. Bei aliyolipia usafi huo ilikuwa kubwa kuliko mabati yote aliyobebeshwa.

Tusidhani haya ni ya Kalemie tu. Kenya, watu wengi walifunguliwa akaunti ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, na vijana wa siberi, wakawekewa barua pepe zisizo zao. Mwisho wa Juni unapokaribia, kwa kuwa siku ya mwisho ya kutuma ritani ni tarehe 30, utawaona wakihangaika kutafuta nywila iliyotumwa kwa mtu wasiyemkumbuka. Tanzania, anayeomba TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutumia namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa hiyo kosa la jina lililoingia NIDA huingia pia kwenye kodi. Na Marekani, ambako ndugu zetu wengi waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu wamepata makazi, ofisi ya kodi ya IRS humpa anayetaka ulinzi namba ya siri ya tarakimu sita, ili mwizi aliyeiba utambulisho wake asitume ritani kwa jina lake. Namba hiyo hubadilika kila mwaka. Mwenye nayo akituma ritani bila kuiweka, au akaweka ya mwaka jana, kompyuta inairudisha. Dawa yake ni kuingia kwenye akaunti yake ya IRS, kuchukua namba ya mwaka huu, kurekebisha na kutuma upya. Na anayepigiwa simu na mtu anayejiita wa IRS akiulizwa namba hiyo, ajue anazungumza na tapeli, kwa maana IRS haiiulizi kwa simu wala kwa ujumbe.

Nchi ni tofauti, fedha ni tofauti, lakini funzo ni moja. Kompyuta ya serikali inamjua mtu kwa namba yake, na inaiamini namba hiyo kuliko maneno ya mwenyewe. Kwa hiyo fanyeni haya, ndugu zangu mnaofanya biashara.

Siku unayopokea hati yoyote, isome herufi kwa herufi ukiwa bado mbele ya aliyekupa. Jina lako liwe moja kwenye kadi, kwenye daftari la biashara na kwenye kodi. Simu na barua pepe ziwe zako. Kama huna barua pepe, fungua kabla ya kuomba namba, na mtoto wako akusaidie kuifungua bila kuimiliki. Ukihama, au jina likibadilika, kumbuka siku 15. Piga picha hati zako na uziweke mahali pasipofikiwa na maji, kwa sababu ziwa letu limetuonyesha linavyoweza kufika. Tamko usilisubirishe mpaka siku ya mwisho. TVA kwa mfano hutangazwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na tamko likikataliwa tarehe 15 jioni, huna siku ya kurekebisha.

Tamko likirudishwa, soma sababu, urekebishe penye shina, uhifadhi muhuri wa kila hatua, kisha utume tena. Usinunue namba ya pili.

Na ndugu akija jioni kukuomba namba mara hii tu, mpe chakula, mpe nauli, na kama unazo mkopeshe pesa, ambazo asipozirudisha utajua umepoteza kiasi gani. Namba mnyime, tena umnyime mbele ya watu, na umwambie wazi kwamba unamnyima kwa sababu unataka muendelee kuwa ndugu.